Chombo cha Mtu Mmoja

Mara ya kwanza nilikipunguza tu.
Nilichukua merikebu ya watu wanne,
nikaishika pembe kwa kipanya, nikaivuta ndani
hadi ikawa nusu. Nikalala nimeridhika.

Asubuhi Lali akaijaribu, yeye akiwa Lamu,
akazama kabla chai haijapoa.
"Wewe," akaniandikia,
"mimi niko usukani, nanga iko Takaungu."

Wahenga walionya:
manahodha wengi, chombo huenda mrama.
Hawakuacha neno juu ya nahodha mmoja
mwenye mikono miwili na kazi sita:
kushika usukani, kutweka tanga, kung'oa nanga,
kuziba tundu, kufua maji, kujaza mzinga,
na haramia wanne wanamjia kwa nyuma,
wanacheka masikioni mwake,
mmoja wao anatafuna kitu.

Wiki nzima nikahesabu hatua.
Usukani hadi mlingoti, tisa.
Mlingoti hadi mzinga, saba.
Nikabandika utepe sakafuni, chumbani kwangu Majengo,
nikatembea usiku baina ya kitanda na mlango
mpaka mpangaji wa chini
akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Alhamisi umeme ulikatika. Njaa ikanitoa nje.
Nikaketi kibandani kwa Dama, wa mahamri na mbaazi.
Msaidizi wake kaolewa Mambrui tangu Mfunguo Mosi,
na kibanda chenyewe hakipiti mlango uliolazwa chini.
Nikatazama.
Mkono wa kulia unageuza mahamri,
wa kushoto unapakua,
mguu unasukuma kuni jikoni,
kopo la chenji limefungwa chini ya meza
pale goti linapogusa.
Hakwenda popote. Aligeuka tu.

Kisha mambo matatu kwa mpigo:
mvua, mbaazi zinaungulia,
na mwenye bodaboda anadai chenji yake kwa matusi.
Akaepua chungu. Akavuta turubali.
Yule wa matusi akamwacha alowe kidogo.
"Kinachoungua hakingoji," alisema, si kwangu hasa.
Kisha kwangu: "Nawe unahesabu nini?
Hesabu deni lako, ni la siku nne."

Nikarudi gizani, nikachora kwa penseli.
Usukani nikauleta katikati, ubavuni mwa mlingoti.
Kamba ya tanga ikafika mkononi.
Sitaha nikaikata dirisha,
ili maji ya ngamani yaonekane kutoka usukani
kama mbaazi chunguni.
Mzinga mmoja kila upande, basi.
Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani:
sasa ni hatua nne kwenda, tatu kurudi;
hiyo moja sijui imepotelea wapi. Naiacha.
Nikakipa wepesi kikienda joshi,
maana mnyonge naye apewe njia ya kukimbilia.

Shekuwe, mwenye gemu na mwenye fedha,
akataka usukani ujishike wenyewe.
Nikakataa. Tukavutana siku mbili.
Nikamwambia, huo ndio mchezo wenyewe:
aliye peke yake lazima kuna kitu atakiacha.
Kazi yangu si kumwongezea mkono wa tatu.
Kazi yangu ni kumwonyesha anachokiacha.

Lali akacheza tena. Dakika kumi na moja.
"Nimezama," akaandika, "lakini safari hii najua kwa nini."
Sijawahi kusifiwa hivyo.

Nilipolipa deni nikamwonyesha Dama kwenye simu:
kimtu kidogo, tanga moja, bahari tele.
Akafuta vidole vya mafuta kwenye kanga, akaangalia sana.
"Na akibanwa na haja,
nani anamshikia?"

Sikuwa na jibu. Yeye, akasema,
humwita mtoto wa jirani.

Usiku ule nikaongeza kitanzi cha kamba kando ya usukani.
Kinaushika kwa hesabu ya ishirini,
kisha kinateleza.